Gundi Iliyomo Ndani ya Mbao

Mkulima wa Dundori uliyejenga nyumba ya mabanzi, pitisha kiganja juu ya ukuta unaopigwa na jua. Mbao iliyokuwa ya manjano sasa ina rangi ya majivu, tena nyuzi laini zinanasa vidoleni. Wengi husema ni uzee wa mbao. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mti ni nyuzi zilizoshikamanishwa na kitu kiitwacho lignini, kama udongo unavyoshika fito za nyumba. Katika saiprasi, lignini hupita robo ya uzito wa mbao kavu. Mwaka 1924, huko Marekani, William Mason alipasua vipande vya mbao kwa nguvu ya mvuke, akavikandamiza kwa moto, vikashikana kwa lignini yake bila gundi nyingine. Ndiyo hadibodi.

Basi jua huivunja lignini hiyo, na mvua huiosha; fito hubaki wazi. Vanishi isiyo na rangi haitoshi, maana mwanga hupenya. Paka rangi nzito, na ukingo wa paa utokeze vizuri. Ukuta uliokwisha kuwa wa majivu, ukwangue kwanza mpaka uione mbao nzima, kwani rangi haishiki juu ya nyuzi zilizolegea.