Nyumba Isimame Bure? Somo kwa Wenye Nyumba na Waangalizi

Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo watu wa Wiyoni wanaliona kila siku lakini mara chache wanakaa kulizungumza: nyumba inayokaa imefungwa. Mwenyewe yuko mbali, anakuja mara moja au mbili kwa mwaka, na miezi iliyobaki ni popo na vumbi. Je, ikodishwe? Ikikodishwa, nani apate nini? Na yule aliyeachiwa funguo, haki yake iko wapi?

Tunawaomba wasomaji mlisome somo hili kwa vikundi. Mlisome sehemu moja moja, mzungumze, kisha mwende sehemu inayofuata. Mwisho kuna maswali.

1. Nyumba tunazozungumzia

Hapa kisiwani nyumba za namna hii ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni nyumba za wageni wenye uwezo. Ziko nyingi Shela, nyingine Mkomani na ng'ambo ya pili, Manda. Wenyewe wanakaa Nairobi au Ulaya. Wakati hawapo, nyumba hukodishwa kwa watalii kwa siku au kwa wiki. Wapishi, waoshaji nguo, manahodha wa mashua na waangalizi wa nyumba hizi, wengi wanatoka mitaa kama yetu.

Aina ya pili hatuitaji sana, lakini ni yetu. Ni nyumba ya ndugu aliyehamia Mombasa, au anayefanya kazi Saudia au Oman. Amejenga kidogo kidogo, akamaliza, lakini anakuja Idd, au Maulidi, au wakati wa harusi. Tusisahau pia kwamba familia nyingi za kaskazini mwa pwani zilitawanyika wakati wa vita vya shifta, miaka ya 1963 hadi 1967. Wengine walikuja Lamu, wengine wakaenda Malindi na Mombasa. Kwa hiyo si ajabu nyumba moja kuwa na wenyewe watano katika miji mitatu.

Nyumba iliyofungwa huharibika haraka kuliko inayokaliwa. Makuti yakivuja hakuna wa kuona, boriti inaoza, chumvi inakula chokaa, mchwa wanapanda. Sababu ya kwanza ya kukodisha basi ni kuifanya nyumba iishi. Pesa inakuja baadaye.

2. Kwanza ijulikane nyumba ni ya nani

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mtu ana funguo, anafikiri ana nyumba. Kumbe nyumba ni ya marehemu baba, na mirathi haijagawanywa. Akimpangisha mgeni na kula kodi peke yake, dada zake walioolewa Mombasa watasikia tu. Siku hizi habari haikai wiki moja.

Kama nyumba ni ya urithi, kodi yake pia ni ya warithi, kila mmoja kwa fungu lake. Mkae kwanza muandikiane: nani amekubali, nani atapokea pesa, nani atasimamia matengenezo. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi hapa Lamu inashughulikia mirathi ya Waislamu. Kama nyumba ni wakfu, masharti ya aliyeiweka wakfu ndiyo yanayofuatwa. Kwa wakfu msifanye jambo kwa kukisia.

3. Hesabu kwenye karatasi

Watu wengi wakisikia nyumba inakodishwa kwa siku, wanazidisha bei kwa siku 365 na kuanza kuota. Hebu tufanye hesabu pamoja. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila kikundi kiweke za kwake.

Tuseme nyumba ya vyumba vitatu inakodishwa shilingi 4,000 kwa usiku, na kwa mwaka mzima imepata wageni usiku 75. Mapato ni shilingi 300,000. Sasa tutoe gharama:

- Mshahara wa mwangalizi, shilingi 15,000 kwa mwezi, miezi 12: shilingi 180,000
- Makuti, chokaa na fundi: shilingi 40,000
- Umeme na maji: shilingi 30,000
- Shuka, sabuni, gesi na vitu vilivyovunjika: shilingi 20,000

Jumla ni shilingi 270,000. Zimebaki 30,000. Na kama wageni wameletwa na dalali au na mtandao wa simu unaokata, tuseme, asilimia 10, hiyo ni shilingi 30,000 nyingine. Basi! Mwenye nyumba hakubaki na kitu, na bado hatujataja ushuru.

Lakini tuangalie vizuri. Je, ni hasara? Nyumba imetengenezwa, haikuoza. Mtu mmoja wa Wiyoni amepata mshahara mwaka mzima, na watoto wake wamekwenda shule. Mwenyewe akija Idd anakuta nyumba safi, hatoi pesa mfukoni. Kwa nyumba ya namna hii faida yake ni hiyo. Anayetaka utajiri atafute njia nyingine.

Sasa njia ya pili. Nyumba hiyo hiyo impangishe mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa Lamu, kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, miezi 9. Mapato ni shilingi 90,000. Umeme na maji analipa yeye, mwangalizi wa kudumu hahitajiki. Ukitoa 40,000 za matengenezo zinabaki 50,000. Mwenye nyumba amepata zaidi, na taabu imepungua. Ila yule mwangalizi hana kazi tena. Hakuna njia iliyo nzuri kwa kila mtu, na kikundi kisikwepe jambo hili.

Anayechagua njia ya pili aangalie kalenda. Idd haikai mwezi mmoja wa Kizungu, kila mwaka inarudi nyuma siku kama 10 au 11. Ukiandika kwenye mkataba kwamba mwezi wa nne mpangaji atoke ili familia ije Idd, baada ya miaka michache Idd itakuwa mwezi mwingine kabisa. Andika tarehe za mwaka ule, na mkataba uandikwe upya kila mwaka.

4. Mwangalizi wa nyumba

Huyu ndiye anayebeba mzigo. Mgeni akikosa maji anaitwa yeye. Kitu kikipotea anashukiwa yeye. Mwenyewe asipotuma pesa, fundi anamdai yeye. Tunasikia malalamiko pande zote mbili. Wenye nyumba wanasema: "Nimekuta watu wamelala nyumbani kwangu bila habari yangu." Waangalizi wanasema: "Miezi minne sijaona mshahara, na simu hapokei."

Dawa yake ni maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunashauri mambo matano:

a) Mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Iandikwe kazi ni ipi, saa ngapi, mshahara gani, unalipwa tarehe gani. Mfanyakazi akimaliza miezi 12 mfululizo, ana haki ya likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Ikiwa mwajiri ni jamaa yako, bado muandikiane. Ujamaa hauondoi njaa.

b) Mshahara wa mwaka mzima. Kumlipa mwangalizi siku za wageni tu si haki, kwa sababu nyumba inalindwa hata siku zisizo na wageni. Bakshishi ya mgeni ni nyongeza, isihesabiwe mshahara.

c) Pesa ya kodi isipite mkononi mwa mwangalizi. Mgeni alipe kwa M-Pesa au benki moja kwa moja kwa mwenyewe. Mwangalizi awe na fungu dogo la matumizi, na kila shilingi iandikwe na risiti iwekwe. Hii inamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

d) Orodha ya vitu. Mgeni akiingia, vitu vihesabiwe naye. Akitoka, vihesabiwe tena. Sahani sita, mashuka manane, taa nne. Ni dakika kumi tu, na zinazuia ugomvi wa mwezi mzima.

e) Chumba kimoja cha mwenyewe. Vitu vya familia, hati, picha na vyombo vya kurithi vifungwe humo. Kisikodishwe.

5. Jirani naye ana haki

Nyumba zetu zimebanana. Baraza ni ya mwenye nyumba, lakini anayeketi ni mtaa mzima. Tangu zamani watu wa Lamu wamejenga kwa kulinda sitara: mlango hautazamani na mlango, na kiwanda cha ndani hakionekani kutoka njiani. Sasa nyumba za wageni hupandishwa ghorofa, zikawekewa banda la makuti juu. Upepo ni mzuri, lakini mgeni aliyekaa pale anaangalia moja kwa moja uani kwa jirani, ambako akina mama wanafanya kazi zao. Weka ukuta au chiki upande huo kabla ya kuulizwa. Na kwa nyumba za Mji wa Kale, ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, usijenge wala kubomoa kabla ya kupata idhini.

Jambo lingine ni mwenendo. Mgeni hajui desturi zetu asipoambiwa. Andika karatasi moja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ibandikwe mlangoni: mavazi ya kupita mtaani, ulevi usitolewe nje, kelele za usiku, kupiga watu picha. Mgeni mwenye adabu hushukuru kuambiwa mapema.

Tatu ni maji. Maji ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inazama pale, mchanga unaiweka. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi ya bahari inaingia. Nyumba yenye bwawa la kuogelea, na mtaa unaopanga ndoo, vinakunywa kwenye hazina moja. Anayekodisha nyumba akumbuke tangi la maji ya mvua.

6. Serikali

Kwa mpangaji wa kila mwezi, mwenye nyumba anayekaa Kenya hulipa ushuru wa kodi ya nyumba ya kuishi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote, ikiwa kodi hiyo kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15. Mwenye nyumba asiyekaa Kenya yuko chini ya sheria nyingine, naye hukatwa asilimia 30. Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo aulize kabla ya kutia sahihi.

Kulaza wageni kwa siku huhesabiwa ni biashara ya utalii. Kuna leseni za kaunti na za Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Nendeni ofisini muulize wenyewe, msitegemee maneno ya barazani.

7. Msimu ukiharibika

Kila mtu hapa anajua wageni hupungua masika, kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita. Hilo tunalipangia. Lakini kuna misimu inayokatika bila kuaga. Septemba na Oktoba 2011, wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na nyumba zikabaki tupu. Juni 2014 palikuwa na mauaji ya Mpeketoni, kisha marufuku ya kutoka usiku. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, ndege zikasimama. Kila mara walioumia kwanza walikuwa wapishi, manahodha na waangalizi. Mwenye nyumba alikuwa na kazi nyingine alikokaa.

Kwa hiyo mwangalizi asitegemee nyumba peke yake. Kuku, shamba, nyavu, kushona, chama cha akiba: kimoja kati ya hivi kiwepo. Na mwenye nyumba, katika miezi mizuri, aweke kando mshahara wa miezi mitatu usioguswa. Aliyekulindia nyumba miaka kumi, umwache na njaa kwa sababu ya msimu mmoja?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu ziko nyumba ngapi zilizofungwa? Ni za nani, na ni nani kati yetu anayezishikia funguo?
2. Fanyeni hesabu ya nyumba moja mnayoijua, kwa njia ya kwanza na ya pili. Ipi ina faida zaidi kwa mwenyewe? Ipi ina faida zaidi kwa mtaa?
3. Mwishoni mwa Mfungo Sita Lamu hujaa wageni wa Maulidi, na desturi yetu ni kuwakaribisha bure. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni wa Maulidi naye alipishwe? Kama hapana, mpaka uko wapi kati ya mgeni na mpangaji?
4. Mwangalizi amekaa miezi minne bila mshahara, na mgeni wa pesa taslimu anabisha hodi. Afanye nini? Afanye nini mwenye nyumba ili asimtie mtu katika jaribu hilo?

Vikundi vinavyotaka kuanza leo, anzeni na daftari. Gawanyeni ukurasa mara mbili: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Mwisho wa mwezi mlisome mbele ya mwenyewe na mwangalizi, wote wawili wakiwa wameketi pamoja, au mmoja akiwa kwenye simu. Hapo kila mmoja atajua nyumba imeingiza nini, na nani bado anadai.