Kuzima Moto ni Kazi ya Wote



Kuanzia mwezi wa Juni nyasi za Ngara na Biharamulo huanza kukauka. Cheche moja ikichukuliwa na upepo yaweza kumaliza nyumba, migomba na ghala la maharage kabla maji ya ugali hayajachemka. Gari la zimamoto liko mjini, na vijiji vyetu vingi viko mbali. Je, tukae tu tukilisubiri? Hapana. Leo tujifunze jinsi watu wa kawaida walivyoanza kuzima moto kwa kujitolea.

Kikundi cha mwaka 1736

Huko Marekani uko mji unaoitwa Philadelphia. Mwaka 1736 nchi hiyo ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Mpiga chapa mmoja, Benjamin Franklin, aliona jinsi moto unavyowatia watu umaskini. Akawakusanya wenzake karibu 30, wakaunda kikundi cha kuzima moto. Hawakuwa askari, wala hawakulipwa mshahara.

Waliandika masharti yao kwenye karatasi. Kila mwanachama awe na ndoo zake za ngozi, tayari wakati wote. Awe pia na mifuko na vikapu vya kuokolea mali. Wakutane mara moja kwa mwezi kuzungumza juu ya moto. Asiyefika alitozwa faini ndogo. Fedha hizo zilinunua ngazi, kulabu na mashine za kusukuma maji. Wengine walipotaka kujiunga, waliambiwa waunde kikundi chao. Basi vikundi vikazaana mjini.

Kwetu Tanzania

Sisi nasi tunayo desturi ya kusaidiana. Yowe likipigwa, ambalo ndugu zetu Wasukuma huliita mwano, kila mtu hutoka.

Mwezi Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka moto. Mamia ya watu walipanda kuuzima: wanavijiji, wafanyakazi wa hifadhi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Wengi walikuwa na mapanga na matawi mabichi tu.

Kazi hii pia ina jeshi lake. Zamani vikosi vya zimamoto vya mijini vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba yake ya simu ni 114.

Lakini yowe peke yake halitoshi. Watu hufika wengi, kila mmoja anafanya lake. Huyu anatafuta ndoo, yule anauliza kisima kiko wapi. Moto hausubiri maswali hayo. Mwezi Septemba 2020, hapa hapa mkoani Kagera, bweni la shule ya msingi huko Kyerwa liliungua usiku. Watoto wasiopungua 10 walikufa. Tusingoje msiba ndipo tujipange.

Moto unaishi kwa vitu vitatu

Moto unahitaji kitu cha kuunguza, hewa na joto. Ondoa kimoja, moto unakufa. Ukifyeka nyasi mbele ya moto, umeondoa kitu cha kuunguza. Ukiufunika kwa mchanga, umeondoa hewa. Ukimwaga maji, umeondoa joto. Lakini petroli au mafuta ya taa yakiwaka, usimwagie maji. Mafuta huelea juu ya maji, na moto utasambaa. Tumia mchanga.

Tufanye nini kitongojini?

1. Tuitane mkutano, tuchague kiongozi na katibu.
2. Katibu aandike daftarini majina, na nani ana ndoo, ngazi, panga au jembe.
3. Tugawane kazi mapema. Wa kuchota maji, wa kupokezana ndoo kwa mstari, wa kufyeka, wa kutoa watoto, wazee na wagonjwa. Mtu mmoja apige simu 114.
4. Kabla ya kiangazi, kila mwenye nyumba afyeke nyasi kuzunguka nyumba yake na ghala lake.
5. Mtu asichome shamba wala malisho bila ruhusa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma ovyo.
6. Watu kwanza, mali baadaye. Mtu asirudi ndani ya nyumba inayowaka kufuata godoro au baiskeli.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji daftari, ndoo na umoja. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuwa katibu. Kalamu yako nayo inazima moto. Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja vitu vitatu vinavyoupa moto uhai.
2. Kwa nini yowe peke yake halitoshi?
3. Katika kitongoji chenu, maji ya karibu yako wapi? Nani atachota usiku?
4. Andika majina ya watu kumi mnaoweza kuanza nao kikundi.