SOMO LETU: Jeshi na Ufundi – Tufikiri Kabla ya Kuamua

Ndugu msomaji,

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloumiza vichwa vya wazazi wengi vijijini. Mtoto amemaliza shule. Anapenda ufundi. Anasema, "Nataka kwenda jeshini. Huko nitajifunza kazi na nitapata mshahara." Mzazi afanye nini? Akubali? Akatae? Au auze ng'ombe?

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yako maswali ya kujadili.

Mzee na maksai wawili

Siku moja, baada ya kipindi cha kisomo, mzee mmoja alibaki nyuma darasani. Nikamwuliza, "Mzee wangu, kuna neno?"

Akasema, "Lipo, mwalimu. Tena kubwa."

Binti yake amemaliza kidato cha nne. Ni binti anayependa mashine. Mashine ya kusaga ya kijiji ikizima, huitwa yeye. Pikipiki za vijana huzifungua na kuzifunga tena, nazo zikawaka. Sasa mzee alikutana na mtu mmoja mjini. Mtu yule akamwambia, "Lete shilingi milioni moja na nusu. Binti yako ataingia jeshini, na atapelekwa moja kwa moja karakana."

Mzee alikuwa tayari kuuza maksai wake wawili, wale wale wanaokokota plau.

"Karatasi aliyonipa nimeisoma mwenyewe," akasema. "Haina muhuri, wala jina la ofisi. Kusoma nimesoma, mwalimu, lakini moyo haujatulia."

Nikamjibu, "Mzee, usiuze bado. Kesho njoo na binti, tuzungumze sote watatu."

Haya ndiyo tuliyozungumza.

1. JKT na JWTZ si kitu kimoja

Watu wengi husema "jeshi" tu, wakachanganya mambo mawili.

JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa. Lilianzishwa mwaka 1963. Kazi yake ni kulea vijana: kuwafunza ukakamavu, uzalendo, kilimo, ufugaji, ujenzi na stadi nyingine za kazi. Baadhi ya vijana huenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 1994 ukarudishwa mwaka 2013. Vijana wengine huenda kwa kujitolea, kwa mkataba wa miaka miwili. Kijana wa JKT hupewa posho. Hapewi mshahara kama mtu aliyeajiriwa.

JWTZ ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Lilianzishwa mwaka 1964. Hili ndilo jeshi la ulinzi. Anayeandikishwa huko ni askari wa kazi, mwenye mshahara.

Sasa sikilizeni vizuri. JKT lenyewe, katika matangazo yake, husema wazi kwamba halitoi ajira, wala halimtafutii kijana ajira katika vyombo vya ulinzi. Hutoa mafunzo na malezi. Ni kweli kwamba JWTZ mara nyingi huchukua vijana waliopitia JKT. Lakini wanaopita JKT ni wengi kuliko wanaochukuliwa. Wengine hurudi nyumbani miaka miwili ikiisha. Mzazi asihesabu mshahara ambao haujaahidiwa.

Mimi mwenyewe nilipita JKT mwaka 2013, baada ya kidato cha sita. Nilijifunza kuamka alfajiri, kushika jembe bila kulalamika, na kuishi na wenzangu wa mikoa yote. Hayo yananisaidia mpaka leo. Lakini ufundi sikujifunza. Muda wetu ulikuwa mfupi, na wala hatukupelekwa kwa ajili ya ufundi.

2. Ufundi jeshini upo

Tusije tukasema jeshini hakuna ufundi. Jeshi haliendi bila mafundi. Kuna mafundi magari, mafundi umeme, mafundi wa redio za mawasiliano, wachomeleaji, waashi, wauguzi, mafundi wa ndege na wa meli. Kule Kibaha kuna kituo cha jeshi kiitwacho Nyumbu, kinachoshughulika na utengenezaji wa magari na mitambo. JKT nalo lina shirika lake la uzalishaji mali, SUMAJKT, lililoanzishwa mwaka 1981, linalojenga majengo na kufanya kazi nyingine nyingi.

Kwa hiyo kijana anayesema "jeshini kuna ufundi" hasemi uongo. Mshahara wa askari ni wa uhakika, matibabu yapo, na vifaa vya kujifunzia huwa vingi kuliko gereji ya uchochoroni.

3. Lakini ni askari kwanza, fundi baadaye

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Hudhani kwamba mtu anachagua kazi jeshini kama anavyochagua kitambaa dukani. Sivyo. Jeshi humpanga mtu kufuatana na mahitaji ya jeshi. Unaweza kutamani injini ukapangwa lindo. Unaweza kutamani umeme ukapangwa jikoni. Na amri ni amri.

Halafu fundi wa jeshi huenda jeshi linapokwenda. Wakubwa wetu wanakumbuka vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, majeshi yetu yalipomfukuza Idi Amin mpaka Kampala. Magari yale yaliharibika njiani, na waliokuwapo kuyatengeneza walikuwa askari. Wala tusidhani hayo ni ya zamani tu. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu zaidi ya kumi waliokuwa katika kazi ya kulinda amani waliuawa huko Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Nao walikuwa watoto wa watu, kama wetu.

Siandiki haya ili kumtisha mtu. Kulinda nchi ni kazi ya heshima. Naandika ili mzazi na kijana wakubali jambo zima, si nusu yake.

4. Zipo njia nyingine za ufundi

Kijana anayetaka ufundi tu, anazo njia hizi:

(a) Vyuo vya VETA. Mamlaka hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kozi ndefu zina hatua tatu, na kila hatua ina cheti chake cha taifa. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA vyenyewe imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayetoka nyumbani, na shilingi 120,000 kwa anayekaa bweni. Kuna gharama nyingine za vifaa na sare. Ulizeni chuoni ada ya mwaka huu.

(b) Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975, na sasa viko 54. Vingi viko karibu na vijiji. Hufundisha useremala, uashi, ushonaji, umeme, magari na kilimo.

(c) Gereji. Aliyejifunza kwa kushika kazi anaweza kwenda VETA akapimwa ujuzi wake na kupewa cheti, hata kama hakukaa darasani. Mpango huo huitwa urasimishaji wa ujuzi.

Na jambo moja zaidi. Kusoma ufundi kwanza hakufungi mlango wa jeshi. Jeshi limekuwa likitangaza nafasi kwa watu wenye taaluma mkononi. Anayekwenda akiwa tayari fundi ana sababu ya kupangwa ufundi kuliko anayekwenda mikono mitupu. Ila angalia umri. Matangazo huweka kikomo cha umri, na mara nyingi hutaka kijana awe hajaoa wala kuolewa. Miaka ikipita, nafasi nayo imepita.

5. Maswali matano ya kujiuliza

Kijana na mzazi wakae pamoja, wachukue kalamu na karatasi, waandike majibu.

Kwanza: Tangazo hili ni la JKT au la JWTZ? Ni mafunzo au ni ajira?

Pili: Mkataba ni wa miaka mingapi, na ukiisha kijana atakuwa na nini mkononi?

Tatu: Kama atafundishwa ufundi, atapewa cheti gani? Je, cheti hicho kinatambuliwa na mwajiri wa uraiani?

Nne: Nyumbani nani atafanya kazi zake akiwa hayupo? Nani atapalilia? Nani atamwangalia bibi?

Tano, na hili ndilo kubwa: Akiambiwa, "Utakuwa askari, lakini spana hutaishika kamwe," bado atakwenda kwa moyo mweupe?

Akijibu "ndiyo" kwa swali la tano, aende. Huyo ana wito wa uaskari, na ufundi akiupata utakuwa nyongeza. Akijibu "hapana," asiende kutafuta ufundi kwa njia ya bunduki. Atajichosha, na jeshi nalo litapata askari asiye na moyo.

6. Nafasi hainunuliwi

Nafasi za JKT za kujitolea huombwa kwa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa anakoishi kijana. Nafasi za JWTZ hutangazwa na jeshi lenyewe. Ukisikia habari ya nafasi, nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa kata ukaulize. Usitosheke na maneno ya mtu wa stendi.

Nafasi hizi haziuzwi. Anayedai fedha ni tapeli au mla rushwa. Ukimpa tapeli, fedha imepotea. Ukimpa mla rushwa, wewe nawe una kosa, maana sheria inamshika anayetoa na anayepokea. Ukidaiwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113. Hulipii.

Binti alisema nini?

Nilipomwuliza binti swali la tano, hakujibu haraka. Akaniambia, "Mwalimu, nipe siku mbili." Nikafurahi, maana anayefikiri hajapotea.

Baada ya siku mbili akaja na baba yake. Akasema, "Mwalimu, nimejipima. Uaskari siuogopi. Lakini nikikaa miaka miwili bila kugusa injini, nitaumia moyoni. Nataka nisome ufundi magari kwanza. Jeshi likitangaza nafasi za mafundi na umri wangu unaruhusu, nitaomba."

Mzee akamtazama bintiye, akanigeukia. "Basi maksai wangu wabaki," akasema. "Nitauza mbuzi, na tukivuna, mahindi kidogo."

Karatasi ya yule mtu wa mjini aliipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kata. Alipofika huko, aliandika maelezo yake kwa mkono wake. Hakuweka dole gumba.

Simaanishi kwamba kila kijana afanye kama huyu binti. Yuko kijana mwingine wa kijiji hicho hicho aliyejibu "ndiyo" kwa swali la tano. Alikwenda JKT kwa kujitolea, na barua zake ni za furaha, ingawa mpaka sasa kazi yake kubwa ni shamba. Kila mmoja alijua anachagua nini. Hilo ndilo somo letu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nini tofauti ya JKT na JWTZ?
2. Kwa nini tumesema "askari kwanza, fundi baadaye"?
3. Yule mzee aliona dalili gani mbaya katika karatasi?
4. Chuo cha ufundi kilicho karibu na kijiji chenu kiko wapi? Nani ataenda kuuliza ada?

ZOEZI LA HESABU

Yule mtu wa mjini alitaka shilingi 1,500,000. Ada ya bweni ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Ada ya miaka miwili ni shilingi ngapi? Ukiitoa katika 1,500,000 hubaki ngapi?

(Majibu: 240,000, hubaki 1,260,000.)

MANENO YA KUJIFUNZA

Karakana – mahali pa kutengenezea vitu au mitambo.
Mkataba – mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Posho – fedha kidogo ya kujikimu, si mshahara.
Tapeli – mtu anayekula mali ya wengine kwa udanganyifu.

Ndugu msomaji, kama kuna kijana nyumbani kwako anayefikiria jambo hili, mpe somo hili alisome. Akimaliza, mwulize swali la tano. Kisha mwache afikiri. Kwaheri mpaka somo lijalo.