SOMO LA VIKUNDI: Kupona TB Si Mwisho wa Safari



Katika kikao chenu cha mwezi huu, baada ya sala na kabla ya kuhesabu akiba, tunawaomba mtenge nusu saa mzungumzie jambo hili.

Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama wanaochimbiana matuta ya fanya juu kwa zamu. Katika daftari la katibu tulikuta mama mmoja amepigwa faini mara nne. Mama huyo alikuwa amemaliza dawa za TB na kadi yake imeandikwa kwamba amepona. Lakini akiinua jembe mara chache tu anahema, anakaa chini. Wengine walisema ni mvivu, ati amezoea kuletewa unga. Wengine walimwogopa, hata kikombe chake kikawekwa kando. Mwenyewe alituambia, "Nilipokuwa mgonjwa mlinijua. Nilipopona mkanisahau."

Na sisi tuliona aibu. Miezi yote 6 ya dawa tulikuwa tukimpelekea unga na maharagwe. Siku kadi ilipofungwa, nasi tukafunga daftari letu.

Kovu hubaki

Mtu akiungua moto, kidonda hupona lakini kovu hubaki. Mapafu ni vivyo hivyo. Dawa huua vijidudu, lakini haziondoi makovu. Njia za hewa huweza kuharibika na kujaa makohozi, na pumzi ikapungua. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 400 waliotibiwa TB. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: karibu mtu 1 kati ya 3 alimaliza dawa huku mapafu yake hayafanyi kazi sawasawa. Basi anayehema si lazima awe mvivu.

Pia, aliyemaliza dawa na kuthibitishwa kuwa amepona haambukizi mtu. Na TB huenea kwa hewa, haienei kwa vikombe wala sahani. Kumtengea kikombe ni kumwumiza bure.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Atembee kila siku, aongeze mwendo kidogo kidogo. Akiishiwa pumzi asimame, avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo kama anayepuliza chai moto.
2. Aache sigara kabisa, na pombe vilevile. Moshi wa kuni pia ni adui: jikoni pawe na dirisha, au apikie nje.
3. Ale chakula cha kujenga mwili: ndengu, maharagwe, mayai, maziwa, mboga za majani.
4. Apimwe virusi vya ukimwi na sukari, kama bado. Magonjwa haya huipa TB nafasi ya kurudi.

Usingoje

Aliyewahi kuugua TB anaweza kuugua tena, tena kwa urahisi kuliko asiyewahi. Kikohozi kikizidi, akikonda, akitokwa na jasho usiku au akipata homa, aende zahanati. Akikohoa damu aende siku hiyo hiyo, kwa sababu hata kovu peke yake huweza kutoa damu. Asinunue dawa dukani, wala asimeze zilizobaki za mwingine. Aende na kadi yake ya zamani na aseme wazi, "Niliwahi kutibiwa TB." Neno hilo ni la maana, kwa sababu kipimo cha kisasa cha makohozi huweza kuonyesha mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Mhudumu akijua, atapima zaidi.

Kikundi kifanye nini?

Kile kikundi cha akina mama kilikaa chini kikajadiliana. Walifuta zile faini. Mama yule akapewa kazi ya kushika kamba ya kupimia matuta, na kutunza kitalu cha miche. Zamu ya shamba lake haikurukwa. Sasa anachangia kama wengine, ila si kwa jembe. Wakati wa ugonjwa alikuwa ameuza mbuzi wake wote, kwa hiyo wakakubaliana pia kumwongezea muda wa kulipa mkopo.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Yesu alimfufua binti wa Yairo, kisha akaagiza apewe chakula. Uzima ulikuwa umesharudi, lakini mtoto alihitaji bado kutunzwa. Nasi tumejifunza hapo. Siku hizi tunaendelea kumtembelea mtu hata baada ya kadi kufungwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, nani amepona ugonjwa mkubwa lakini nguvu hazijarudi? Tumemwuliza hali yake?
2. Sheria zetu za faini zinamtambua mtu kama huyo?
3. Ni kazi gani nyepesi, lakini ya maana, tunaweza kumpa?

Mwenyekiti ahakikishe mliyokubaliana yameandikwa kabla ya sala ya kufunga.