Mavazi ya Sikukuu: Darsa kwa Ndugu zetu wa Garsen na Mto Tana

Ndugu zetu Waislamu, kila zikaribiapo Idi mbili, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, mas-ala moja hurudi katika darsa zetu: ni nguo gani imfaayo mtu kwendea Sala na kuzuria jamaa? Wako wanaodai kwamba asiyevaa kanzu mpya nyeupe Idi yake ni pungufu. Na wako wanaosema kwamba kujipamba ni mambo ya dunia, mcha Mungu hana haja nayo. Twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea njia, na kosa la kila moja lina madhara yake: la kwanza lafukarisha nyumba, na la pili laitia dini uso wa kukunja ambao si wake.

Kwanza yatupasa tujue kwamba kujipamba siku ya Idi ni katika dini. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha wanaadamu tuchukue mapambo yetu kila tuendapo kusali, kisha hapo hapo akatukataza israfu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliona joho la hariri likiuzwa sokoni, akampelekea Mtume (S.A.W.) ili alinunue ajipambe nalo siku za Idi na siku za kupokea wageni. Mtume alilikataa kwa sababu ya hariri yake, wala hakumkataza Umar ile nia ya kujipamba. Na Abu Daud amepokea kwamba sahaba mmoja alimjia Mtume hali ana nguo duni. Mtume akamuuliza kama ana mali. Akajibu kwamba anayo, ngamia na kondoo na farasi. Akamwambia basi na ionekane juu yake athari ya neema ya Mola wake. Ndugu zetu wafugaji walizingatie neno hili: mwenye zizi lililojaa kisha akaja Sala na shuka iliyochakaa na kunuka, hana la kujisifu.

Pili, sharia haikutuwekea vazi moja. Mtume (S.A.W.) akiipenda kanzu, lakini pia alivaa mashuka ya Yaman. Na katika safari moja alivaa juba la Sham, lenye mikono iliyobana hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Na Sham wakati huo ilikuwa nchi ya Warumi! Basi atasemaje mtu leo kwamba mwenye shati safi na suruali pana, au kikoi na koti, Sala yake haikutimia?

Garsen ni njia panda: barabara ya Malindi kwenda Lamu hukutana hapo na ile itokayo Hola na Garissa. Huonana hapo Muorma, Mpokomo, Mwardei, Mbajuni na Mswahili wa Kipini, na kila watu wana namna yao ya kujifunga, kujitanda na kuchagua rangi. Hiyo ni hazina, wala si aibu. Mzee avae limpalo heshima ya umri wake. Kijana achague rangi aipendayo. Mnene asishone nguo ya kumbana, na mwembamba asizame ndani ya joho la kuazimwa. Na kwa joto la bonde letu, kitambaa cha pamba ni bora kuliko nailoni, hata kama nailoni yang'aa zaidi dukani.

Mipaka ni michache nayo ni wazi. Mwanamume asivae hariri wala dhahabu. Uchi usitirike, nguo isiwe ya kuonyesha mwili wala ya kuubana. Isiwe ya kiburi, wala ya kutafutia umaarufu ili watu wageuze shingo. Na mwanamke atokapo asijitie manukato ya kuwafikia wanaume njiani. Ama mapambo yake ya nyumbani na ya mikusanyiko ya wanawake wenzake, humo ana nafasi kubwa.

Sasa tuje kwenye donda lenyewe. Watu wa Mto Tana wamepita katika mitihani. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo hata kufikia mwisho wa mwaka 2022, mifugo ikafa. Kisha mto ukafurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, mashamba na nyumba zikaingia maji. Juu ya hayo, baba atauza mbuzi aliyebaki kwa bei ya hasara ili wanawe wavae vipya siku moja, au atakopa kwa mwenye duka deni litakalomfuata hata Idi ya pili. Nayo desturi ya sare imezidi: akina mama huafikiana dera au leso ya namna moja, na asiyeweza kuinunua huona haya, akajifungia nyumbani. Twauliza: ni furaha gani hii inayomtoa Mwislamu katika jamaa ya Waislamu?

Soma hadithi ya Bibi Ummu Atiya (R.A.), iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtume aliamrisha wanawake wote watoke siku ya Idi, hata walio katika ada zao, ambao hukaa kando ya wanaosali wakashiriki kheri na dua. Akaulizwa: je, asiyekuwa na jilbabu? Hakusema abaki nyumbani, wala hakusema akope. Aliamrisha mwenzake amvike katika jilbabu yake. Hili ndilo jawabu la dini kwa tatizo la nguo.

Basi twanasihi mambo manne. Zakatul-Fitri itolewe kabla ya Sala, na itangulie kila pambo. Nguo iliyopo ikifuliwa na kupigwa pasi yatosha. Neno ni iliyo bora katika ulizo nazo, si lazima mpya. Mwenye kutaka kushona na ampelekee fundi katika Rajabu au Shaabani, asingojee kumi la mwisho ambalo bei hupanda na usiku wa ibada hupotea madukani. Na kila mwenye buibui mbili au kanzu mbili na atazame jirani yake, ampe au amuazime kwa siri, asimfedheheshe.

Na sare, akina mama, ikiwa mmoja wenu haiwezi, ama mchangieni, ama iacheni. Vazi la ucha Mungu ndilo bora, na hilo haliuzwi dukani.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.