Kabla ya Kumlaumu Mhimilishaji: Jinsi Mimba ya Ng'ombe Inavyojishika

Mfugaji humwita mhimilishaji, ng'ombe akapandikizwa mbegu za dume bora, na baada ya siku 21 ng'ombe huyo huyo akaonekana tena yuko kwenye joto. Hapo lawama hazikawii. Husemwa kwamba mbegu zilikuwa mbovu, au mtaalamu hakuwa na mkono mzuri, au ng'ombe ni tasa na afadhali apelekwe mnadani. Zipo nyakati ambapo lawama hizo ni za haki: mbegu zilizogandishwa hutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na kimiminika hicho kikiisha mtungini, mbegu hufa. Lakini mara nyingi mbegu na yai vilikutana salama, mimba ikatunga, kisha ikapotea kimya kimya kabla haijajishika. Kumwuza ng'ombe wa namna hiyo ni kuuza ndama na maziwa ya mwakani kwa bei ya nyama.

Yai hurutubishwa katika mrija wa uzazi, wala si ndani ya mji wa mimba. Mnamo siku ya nne au ya tano kiinitete hushuka kuingia katika mji wa mimba kikiwa bado ni kibonge kidogo cha seli, na kati ya siku ya nane na ya kumi hupasua ganda lake jembamba na kutoka. Kwa binadamu, kufikia wakati huo kazi ya kujishikiza imekwisha kuanza, kwani kiinitete huanza kujichimbia katika ukuta siku ya sita au ya saba, kisha huzama humo kabisa. Kiinitete cha ng'ombe hakifanyi hivyo. Huendelea kuelea bila nanga kwa muda wa majuma mawili hivi, kikilishwa na ute utokao katika tezi za ukuta, ambao wataalamu huuita maziwa ya mji wa mimba.

Kuanzia siku ya 13 au ya 14 hutokea jambo la ajabu. Kile kidonge cha duara huanza kurefuka, na ifikapo siku ya 17 kimekuwa kama uzi ambao aghalabu huzidi sentimita 10. Urefu huo una sababu yake. Mahali yai lilipochomoka katika ovari hubaki kiuvimbe cha manjano kinachotoa projesteroni, homoni inayoufanya mji wa mimba utulie na kutoa ule ute. Mnamo siku ya 16 au ya 17, mji wa mimba usipopata habari ya mgeni, hutoa homoni nyingine iitwayo prostaglandini. Hiyo hukiyeyusha kiuvimbe, na ng'ombe hurudi kwenye joto. Kiinitete kilicho hai sharti kiizuie amri hiyo mapema, nacho hufanya hivyo kwa kutoa protini iitwayo interferoni tau. Kikiwa kifupi au dhaifu, taarifa haifiki, na mama huitoa mimba ambayo mwili wake haukujua kuwa unayo. (Mwanamke hutumia homoni tofauti kwa kazi hii, ndiyo maana kipimo cha mkojo kinachouzwa katika maduka ya dawa hakina faida yoyote bandani.)

Taarifa ikifika, kiinitete huanza kujishika mnamo siku ya 19 au ya 20. Hakijishiki popote, bali kwenye vifundo maalumu vya ukutani, kwa kawaida kati ya 75 na 120, ambavyo wachinjaji huvifahamu kwa kufanana kwake na vifungo. Kondo la nyuma huotesha vijidole vingi vinavyoingia katika vishimo vya kila kifundo, kama vidole vinavyoingia katika glovu. Kufikia juma la sita hivi mshikamano huo umekuwa imara.

Kwa hiyo tarehe ya kupandikiza iandikwe, kwani kalenda husema mengi. Ng'ombe akirudi kati ya siku ya 18 na ya 24, ama yai halikurutubishwa, ama kiinitete kilikufa kabla ya kutoa taarifa. Akirudi baada ya siku 30 au zaidi, huenda mimba ilijulikana kisha ikapotea wakati wa kujishika, ingawa yawezekana pia kwamba joto la katikati halikuonekana. Na asiporudi, hiyo pekee si hakika ya mimba, maana ng'ombe aliyekonda huweza kuacha kabisa kuonyesha joto. Afisa Mifugo wa Kata apewe tarehe hiyo, naye atapanga siku ya kupima; miezi miwili baada ya kupandikiza ni wakati mzuri. Sindano ya prostaglandini, ambayo hutumika kuwaleta ng'ombe kwenye joto, asichomwe ng'ombe ambaye hajapimwa, kwa kuwa huiharibu mimba changa.

Katika mwezi ule wa kwanza ng'ombe asiswagwe safari ndefu, asikoseshwe kivuli wakati wa jua kali, wala asipunguziwe majani, pumba na maji kwa kisingizio kwamba kazi imekwisha. Homa ya ndigana katika siku hizo nayo huweza kuigharimu mimba, hivyo ratiba ya josho isivunjwe.

Jinsi mimba ilivyojishika huonekana tena siku ya kuzaa. Kondo likichelewa kutoka, lisivutwe kwa nguvu wala kufungiwa jiwe, kwa sababu vifundo huchanika na kutoa damu. Likipita saa 24, mtaalamu aitwe. Tena, kwa kuwa kondo la ng'ombe halikuchimba ukuta kama la binadamu, kinga za mama hazikupita kwenda kwa ndama tumboni. Ndama huzaliwa bila kinga hizo, na atazipata katika dang'a, ambayo anapaswa kuinywa ndani ya saa sita za kwanza, kabla utumbo wake haujapoteza uwezo wa kuzipokea.