Kufundisha Maisha ya Mtu Mmoja: Mtawa Aliyefanywa Askofu

Katika mazoezi ya kufundisha tunayoyasimamia kwenye shule za msingi za Bariadi, tumeona mara nyingi mwalimu mwanafunzi akijaza ubao kwa tarehe za maisha ya mtu mashuhuri, akaamuru zinakiliwe, kisha akaliita zoezi hilo somo la Historia. Watoto hunakili kwa utii. Juma lifuatalo hawakumbuki kitu. Makala hii yapendekeza njia nyingine kwa darasa la sita au la saba. Mfano wetu ni Edgar Maranta, mtawa wa shirika la Wakapuchini aliyeliongoza Kanisa Katoliki la Dar es Salaam kwa miaka 38.

Hatukumchagua ili mwalimu ahubiri. Katika darasa la Bariadi huketi pamoja Wakristo, Waislamu na watoto wa wazee wanaoshika dini ya jadi, na wote wana haki sawa katika somo hili. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yana fumbo. Mkapuchini huweka nadhiri ya ufukara na ya utii; askofu hukabidhiwa majengo na fedha, na huamuru wengine. Mtu mmoja atayabebaje yote mawili?

Tuanze na yanayojulikana. Mtoto wa Bariadi haijui Uswisi, lakini Maswa anaijua. Mwaka 1950 Kanisa Katoliki liliifanya Maswa kuwa eneo lenye utawala wake. Mwaka 1953 ikawa jimbo, na mwaka 1956 jimbo hilo likabadilishwa jina, likaitwa Shinyanga. Mwanafunzi ataona kwamba mipaka ya Kanisa hukatwa na kupewa majina mapya kama ile ya Serikali, kwani Bariadi nayo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012.

Sasa simulia, vitabu vikiwa vimefungwa. Maranta alizaliwa Poschiavo, Uswisi, mwaka 1897. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa chini ya Wajerumani, na wamisionari wake walikuwa Wabenedikto wa Kijerumani, waliojenga kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa Wajerumani hao, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakashika nafasi yao. Mwaka 1930 Maranta, mwenye umri wa miaka 33, aliwekwa kuwa mkuu wa Kanisa huko. Mwaka 1953 akawa askofu mkuu. Mahenge ilitengwa mwaka 1964 ikawa jimbo chini ya Elias Mchonde, mwananchi. Mwaka 1968 Maranta alistaafu, akampisha Kardinali Laurean Rugambwa aliyetoka Bukoba. Alifariki mwaka 1975.

Zana ya somo ni uzi wa pamba, ambao hapa kwetu haukosekani. Kila mwaka upewe sentimita 5: maisha yake yote yatakuwa mita 3 na sentimita 90. Watoto wafunge vipande vya karatasi penye miaka iliyotajwa, kisha wapime sehemu ya 1930 hadi 1968. Watapata sentimita 190, karibu nusu ya uzi. Hesabu hiyo huwashangaza kuliko maelezo yoyote yetu.

Sasa lifikie fumbo. Hapa kisa cha mbali husaidia. Mwaka 1233 huko Uskoti (nchi ambako Mwalimu Nyerere alisoma kabla ya kurudi na kufundisha Pugu, katika eneo la Maranta) mtawa wa shirika la Wadominiko aitwaye Clement aliwekwa kuwa askofu wa Dunblane. Alikuta kanisa kuu halina paa, ibada zikiendeshwa na kasisi mmoja wa shamba, na mapato yakiwa mikononi mwa wengine. Aliyeapa kutokuwa na mali ilimpasa sasa kudai mali, tena mbele ya Papa mwenyewe, ambaye mwaka 1237 alitoa idhini kwamba robo ya zaka za parokia ipewe askofu. Uliza: je, Clement alivunja nadhiri yake?

Mwalimu asijibu. Wengi watasema alivunja. Ndipo uwakumbushe mhasibu wa chama cha msingi cha pamba, ambaye hushika fedha za wakulima nazo si zake, na ambaye akizembea kuzidai, wakulima ndio hulala njaa. Mjadala utageuka. Wapo watakaobaki na msimamo wa kwanza. Uwaache, ilimradi watoe sababu.

Swali la pili ni gumu zaidi, na tunawasihi msilikwepe. Rugambwa alikuwa askofu tangu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961. Kwa nini basi kiti cha Dar es Salaam kilibaki kwa mgeni hadi mwaka 1968? Maranta asigeuzwe malaika wala mkoloni. Wanafunzi wautazame uzi, waone Mchonde yuko wapi, wapime umbali wa 1961 hadi 1968, kisha kila kikundi kiandike sentensi tatu za maelezo. Kazi hiyo yatosha kwa kipindi cha pili. Kipindi kimoja hakitoshi, na katika andalio la somo usijaribu kuvibana viwili kimoja.